Farasi Mkaidi wa Lesotho

Mwaka 1971, juu ya mlima wa Lesotho, farasi wangu alisimama katikati ya ukungu akakataa kwenda. Mimi niliyekulia kijijini kwetu Kebirigo, nikiwaongoza maksai wa baba wakivuta plau, nilijua dawa ya mnyama mkaidi. Nikainua fimbo.

"Usimchape, mwalimu!" akapaza sauti mwenyeji aliyekuwa akinitembeza.

"Huyu ni mvivu tu," nikamjibu.

Akashuka kwenye farasi wake, akaokota jiwe, akalirusha hatua mbili tu mbele yetu. Nikangoja lianguke. Nikangoja tena. Sikusikia kitu.

Masikio ya farasi yalikuwa wima, yamejaa matone ya ukungu. Shingo yake ilitetemeka chini ya kiganja changu.

Nikaitupa fimbo kulekule. Nayo pia haikutoa sauti.