Subana ya Bi Zuwena

Mvua ilikuwa ikinyesha kimyakimya juu ya ukumbi wa karata wakati Mshangama aliposukuma vibao vyake vyote vya dau katikati ya meza ya mwisho ya mashindano.

"Vyote hivyo," akasema. "Bi fundi, unafuata au unakimbia?"

Bi Zuwena, fundi cherehani, aliinua pembe za karata zake mbili. Wafalme wawili. Ni jozi moja tu ingeweza kuwapita, na siku zote za nyuma, kila alipotishwa hivi, aliiona jozi hiyo mkononi mwa mwenzake, akazirudisha karata zake nzuri.

Katika ukumbi ule, anayekubali dau hasemi neno. Huweka juu ya vibao kitu alichokivaa, na akishindwa hukiacha pale, pamoja na kiti chake.

"Mama, tunakusubiri," mgawa karata akasema kwa upole.

Mvua ikasikika kama cherehani ya mbali. Bi Zuwena akaivuta subana, kile kikofia cha shaba cha kidoleni kilichomkinga na sindano tangu usichana, asichokivua hata kulala. Haikutaka kutoka. Akailowesha kwa mate, ikatoka, akaisimamisha juu ya vibao.

Tabasamu la Mshangama likapotea. Mgawa karata akanyoosha mkono kuzifunua karata.

Bi Zuwena hakuzitazama. Alikuwa akikitazama kidole chake, laini kama cha mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, akikipitisha polepole juu ya kitambaa cha meza, asikie kitambaa kilivyo.