Paja la Nguruwe la Pasaka

Mzee wa kanisa alikuwa anajikatia kipande cha pili cha paja la nguruwe, ambalo Verna alilioka kwa mlo wa Pasaka kanisani, aliposema kwamba mjukuu wa Verna hatabarikiwa madhabahuni.

“Torati inamkataa mtoto wa nje ya ndoa, dada. Si mimi.”

Asali iliyopakwa kwenye ile nyama ilimng'aa kidevuni. Verna aliikodolea macho huku amempakata mtoto.

“Torati hiyohiyo inakataza nguruwe.”

“Aa, hilo ni agano la kale. Msalaba ulishalimaliza.”

“Kumbe. Kwenye sahani yako limekufa, kwa mjukuu wangu liko hai.”

Verna akaivuta ile sahani, akamweka mtoto mapajani pa mzee.

“Haya, msomee mwenyewe hiyo Torati.”