Pampu na Koki

"Kwa hiyo programu haijakosea, ila wodi ya wazazi ndiyo imekosea kukosa maji tangu alfajiri?" Mashavu, msimamizi wa pampu za mji, alimfokea Shekue, mtaalamu aliyeiandika programu ya kuziendesha.

"Mantiki yake ni sahihi, Bi Mashavu. Kanuni zote zinakwenda kwa pamoja, na kila moja inangoja jibu la mwenzake ndipo itende."

"Koki kuu inangoja nini?"

"Pampu iseme iko tayari."

"Na pampu?"

Shekue alivua miwani, akaifuta. "Inangoja koki."

Mashavu alicheka kwa dharau. "Kumbe umetuletea wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia! Na shahada wakakupa."

"Siwezi kujibu kwa niaba ya pampu. Katika lugha hii ya programu, jibu likishaandikwa halifutiki. Kama kuna hewa ndani, pampu ikiwaka bomba litapasuka. Nipe wiki moja niichunguze."

"Wiki! Basi nenda wodini, ukawaambie wenye uchungu waushikilie hadi Jumatatu."

Mashavu alitoka, akaligonga bomba kwa spana sehemu tatu huku ametega sikio, kama alivyofanya miaka yote kabla Shekue hajaajiriwa. Sehemu mbili zilitoa mlio mzito wa maji. Ya tatu hakuwa na hakika nayo.

Alirudi, akakisukuma kando kiti cha Shekue, Shekue akiwa bado amekikalia, akaandika kwenye kompyuta: pampu tayari. Akabonyeza.

Sakafu ilianza kunguruma. Mshale wa presha ukapanda hadi kwenye mstari mwekundu, ukasimama hapo ukitetemeka.