Sahani ya Ngege

Afisa alinirudishia sahani ya ngege, samaki wa ziwa letu, bila hata kuionja.

Ukumbi mzima wa Kombewa ukageuka kututazama. Kwetu, mgeni akikataa chakula amekutukana. Nami nilikuwa nimeamka alfajiri kumkaangia huyu mama wa tume ya umeme, aliyekuja kusikiliza maoni yetu kama kampuni ya pili iruhusiwe kutuuzia stima.

"Usikasirike, Mama Dorca," alisema. "Siku ya kuamua, sili kwa mtu."

Nilitaka kununa. Kisha nikaiona meza yake. Soda zilizoletwa na kampuni ya zamani ya stima zilikuwa pale, hazijafunguliwa. Keki ya kampuni mpya nayo ilikuwa pale, haijakatwa. Yeye alikunywa maji aliyotoka nayo kwake, kwenye chupa kuukuu ya plastiki, lebo imebanduka.

Wakubwa wote wa stima waliowahi kuja hapa walikula wakashiba, wakaondoka, stima ikazidi kukatika na samaki wangu wakazidi kuozea kwenye friza.

Nikaifunika sahani kwa leso taratibu. Nikaomba maikrofoni.

"Asante, madam. Erokamano," nikasema, nikimshukuru tena kwa Kijaluo. "Sasa andika maoni yangu."