Pilau Imehamia kwa Mkwe

Siku hizi ujuzi haufundishwi. Unahamishwa kutoka kichwa hadi kichwa, na aliyeutoa hubaki bila. Binti yetu Zuhura alipoolewa, mke wangu alimhamishia pilau. Tangu hapo mkwe wangu ananenepa, nami nakula wali uliopikwa kwa majani ya chai.

"Hata chumvi umempa?" nililalamika jana.

"Kula, Baba Zuhura. Mtoto hanyimwi elimu."

Leo asubuhi Zuhura amepiga simu akilia. Mumewe analalamikia hata pilau ile! Anaomba ule ujuzi wa mama yake wa miaka thelathini, wa kumvumilia mwanamume.

Mke wangu akajitanda mtandio. Nikakimbilia sufuria, nikakwangua ukoko.

"Mtamu, mke wangu! Wallahi mtamu!"

Akanipapasa bega kwa upole, akatoka.