Chiriku na Vilango vya Neva

Niazimeni masikio, nitayarudisha mazima. Chiriku mpenda sifa alichoka kushindwa na Kasuku kwenye mashindano ya kuimba. Akamwendea Nge.

"Shangazi, wimbo ukikolea tu, neva zangu, hii mishipa ya fahamu, hufungua vilango, madini ya potasiamu yanatoka, nami napoa. Nizibie kwa sumu yako."

"Vilango hivyo ndivyo vinavyozilinda zisiungue, mwanangu."

"Ziba tu. Ushauri nitausikiliza nikishashinda."

Nge akamdunga kidogo. Jukwaani Chiriku alitetemeka, shingo ikapinda, akaanguka chali akitapatapa. Watazamaji wakadhani ni mbwembwe za wimbo, wakashangilia, wakampa ushindi.

Sumu ilipoisha, vilango vikafunguka, akainuka akihema.

"Nikiimba mnasinzia," akasema. "Leo nusura nife, mnasema nina kipaji. Ushindi mpeni Kasuku. Mimi niachieni neva zangu."