Vikono vya Makofi

Kulthumu alipofika msibani, Bi Hidaya alimsogezea nafasi mkekani, akampa simu ya marehemu mwanawe, Sefu.

"Mwanangu, wewe ni mmoja wa waliotengeneza huu mtandao. Niambie, hivi vikono ni vya nini?"

Vikono vile Kulthumu alivichora mwenyewe miaka ishirini iliyopita, akifuatisha viganja vya binti yake mdogo. Siku ile mwenzake mmoja kazini aliuliza kama haifai kuweka na kitufe cha pole, chumba kizima kikamcheka. Watu wakishaunganishwa watapeana habari njema, walisema, nani atakuja kutangaza mabaya? Wakaweka kitufe kimoja tu, cha makofi; kila kikibonyezwa, simu ya mwenye ukurasa inalia makofi.

Juu ya vikono kulikuwa na video iliyobandikwa kwenye ukurasa wa Sefu. Amepiga magoti sokoni, shati limechanika, anaapa kwamba hajaiba mtoto wa mtu, na watu wanazidi kumzonga. Chini yake, makofi elfu arobaini, na bado yanaongezeka.

Kulthumu akasema, "Labda wengine walikuwa wanakupa pole, mama. Hawakuwa na kitufe kingine."

"Ni wepi hao? Nionyeshe."

Kulthumu alitazama. Vikono vyote vilifanana.

Bi Hidaya akaichukua simu taratibu na kuifunika kwa upande wa kanga mapajani mwake. Wanawake waliokuwa wakisoma Kurani wakaacha mmoja mmoja, wakageuka. Ndani ya kanga, simu iliendelea kupiga makofi.